Kusubiri Kadi Ishuke Bei

Mwaka ule Baba Trevor alikuwa akienda kila Ijumaa kwenye kibanda cha simu pale posta ya Ukunda kumpigia Salimu, muuza vifaa vya kompyuta wa Mombasa. Swali lake lilikuwa moja tu, kadi ya picha imefika bei gani. Jibu nalo lilikuwa moja. Akirudi kwenye studio yetu ya video nilikuwa nimeshalijua kabla hajafungua mdomo, kwa namna alivyovua kofia na kuitupa juu ya kiti.

"Anasema nisubiri," alikuwa akisema. "Kuna mpya inakuja kutoka Dubai. Ikifika, hii ya sasa itashuka."

Mpya ilipofika, ile ya zamani ilishuka kweli. Lakini hapo Baba Trevor alikuwa ameshasikia sifa za ile mpya, na ile ya zamani akaiona kama samaki wa jana. Basi akaanza kuisubiri ile mpya ishuke nayo. Ikawa inashuka kidogo, halafu dola inapanda, bei inarudi palepale. Hivyo ndivyo tulivyopita Pasaka, masika na kipupwe, mimi na yeye na kompyuta moja iliyokuwa ikikwama.

Kadi yenyewe ni kipande cha ubao cha kuchomeka ndani ya kompyuta, upana wake kama kiganja. Ndiyo inayozipokea picha kutoka kwenye kanda ya video na kuzionyesha kwenye skrini, na ukishazikata na kuzitia majina na maua, ndiyo inayozirudisha kwenye kanda. Yetu ilikuwa ya kizamani. Picha zilikuwa zikiruka. Mtu alifungua mdomo kuimba na sauti yake imeshapita. Kazi ya siku moja ilikuwa ikichukua wiki, na ikiisha ilikuwa bado mbaya.

Simlaumu sana kwa kusubiri. Baba Trevor, jina lake Gilbert, alitoka bara, upande wa Kakamega, akaja Diani kuwapiga picha watalii wa hoteli. Watalii walipopungua baada ya zile vurugu za Likoni, hoteli ikampa haki yake na kumuaga. Pesa zote akazitia kwenye kompyuta. Miezi michache baadaye akaikuta kompyuta kama ile ile dirishani kwa Salimu, kwa nusu ya bei. Siku hiyo alirudi akalala mchana kutwa, uso ukutani. Tangu hapo hakununua kitu mpaka aone bei yake imechoka.

"Ni kama vyumba vya hoteli," alikuwa akinifundisha. "Ukitaka chumba mwezi wa nane utalia. Ngoja mwezi wa tano, watakupa na chai ya asubuhi. Kila kitu kina msimu wake, Sidi. Mtu mjinga ananunua akiwa na haja."

Mimi nilikuja kwao kutoka upande wa Kinango kumlea Trevor. Trevor alipoanza chekechea nikaanza kufagia studio, na baada ya kufagia nikapewa kamera. Sababu ni kwamba harusi za huku zina siku ambayo mwanamume hana ruhusa ya kuingia. Ni siku ya kupamba. Bibi harusi huketishwa juu, kichwa kimejaa asumini, mikono na miguu imepakwa hina, na wanawake huvua mabuibui yao wakacheza walivyo. Harusi za hapa ndizo zilizokuwa riziki ya studio, na siku ya kupamba ndiyo watu walioitaka zaidi kwenye kanda. Mke wa Baba Trevor, Eddah, angeweza kuishika kamera, lakini alikuwa na kazi yake ya udobi hotelini. Pia alikuwa akiongea. Mara moja aliyojaribu, sauti yake ilifunika nyimbo zote kwenye kanda, akiwauliza watu nguo wamezinunua wapi.

Mimi sisemi sana. Nilikuwa nikisimama pembeni na kamera yangu, na baada ya muda wanawake walikuwa wakinisahau. Huo ndio ulikuwa ufundi wangu wote.

Kanda za kupamba nilikuwa nikizikata mwenyewe, nimefunga mlango. Baba Trevor alinifundisha vitufe vya kubonyeza kwa kanda za mpira na za kanisani, lakini kanda za wanawake hakuwahi kuziona. Alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, na mimi nilikuwa nikizima skrini kabla ya kumfungulia. Hakulalamika. Nilidhani anaelewa.

Mwezi wa Shaabani kazi zikatujia zote kwa pamoja, kwa sababu mfungo ukiingia hakuna harusi. Bi Mejumaa wa Waa alikuja studio mwenyewe, mama mnene wa heshima mwenye duka dogo la unga na mafuta ya taa, akakaa kwenye benchi akavuta pumzi.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeshika kamera?"

"Ndiye mimi."

"Na hiyo kanda, ikishatoka mikononi mwako, yuaiona nani?"

"Mimi peke yangu. Naikata mimi, naileta mimi."

Alinitazama sana. Nikatazama chini, kama ilivyo desturi yangu.

"Nina mkwe ndani, nina wapwa zangu, nina watoto wa watu watakaokuja kwa kuniamini mimi," akasema. "Mashoga zangu wameniambia hapana kamera. Nikawaambia kuna binti pale Ukunda, ni mtulivu. Basi nakutegemea. Ukiniangusha utakuwa umeniangusha mbele ya Waa nzima."

"Sitakuangusha, bibi."

Sikuwa na kitu kingine cha kumpa mtu zaidi ya neno lile. Nilikuwa nikiitwa Msambweni, Gasi, Tiwi, Waa, kwa sababu ya neno lile tu, si kwa sababu ya picha zetu zinazoruka.

Kupamba kwenyewe kulikuwa kuzuri. Bibi harusi, Nimwaka, binti yake Bi Mejumaa, hakuinua macho mpaka mashangazi zake walipoanza kumtania, hapo akacheka akajificha kwa mkono wenye hina. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa blauzi ya njano aliyecheza mpaka wengine wakampisha, wakampigia vigelegele. Nilimfuata na kamera kwa muda mrefu. Sikuwa na nia mbaya. Alikuwa amefurahi, na furaha hiyo nilitaka Nimwaka aende nayo. Alikuwa akihamia Tanga kwa mumewe kabla ya mfungo, na mama yake alitaka aondoke na kanda mkononi, akaitazame huko na shangazi zake wasioweza kusafiri.

Nikafunga mlango nikaanza kukata. Nikikata kipande, kompyuta inakwama. Naizima, naiwasha, kipande kimepotea. Narudia. Picha zikipita vizuri sauti inachelewa, na sauti ikikaa sawa picha zinaruka. Feni ilikuwa ikisukuma joto kutoka ukuta huu hadi ule. Jioni nilikuwa nikitoka na macho yanayowasha na kazi imesimama pale ilipokuwa asubuhi.

Nikajikaza nikamwendea.

"Baba Trevor, tungeinunua sasa."

"Kadi? Sasa?" Alikuwa akila ugali, akaliweka chini tonge. "Sidi, sasa ndio bei iko juu. Kila studio mpaka Malindi inatafuta kadi kwa sababu ya harusi hizi. Ramadhani ikianza hakuna harusi, Salimu atakaa bure, atashuka mwenyewe. Hiyo ni hesabu tu."

Eddah alikuwa mlangoni akivua viatu, miguu imevimba kwa kusimama kutwa kwenye mashine za hoteli. "Na sisi Ramadhani hiyo kadi tutaitumia kwa harusi ya nani?" akauliza. "Ya paka?"

"Mama Trevor, hii biashara huijui."

"Mimi najua udobi. Shuka ikichafuka leo naifua leo. Siiambii ngoja, sabuni itashuka."

Baba Trevor akacheka, hata mimi nikacheka kidogo. Lakini Ijumaa alipokwenda posta alirudi akaitupa kofia kitini, nikajua.

Halafu nikashikwa na homa. Labda ni malaria, labda ni uchovu, sijui. Nililala kwenye chumba changu cha uani nikitetemeka chini ya leso mbili, na Eddah alikuwa akiniletea uji kabla ya kwenda kazini. Kila nikizinduka nilikuwa nikiifikiria kanda ya Waa. Siku niliyoweza kusimama nilikwenda studio nikishika ukuta. Kabati la kanda lilikuwa wazi na kanda haikuwepo.

"Kaa, kaa kwanza," Baba Trevor akaniambia, akanivutia kiti. Uso wake ulikuwa na furaha. "Usihangaike tena. Kanda ya Waa imekwisha. Iko fiti kabisa."

"Imekwisha vipi?"

"Nilikuonea huruma, umelala hapo unaweweseka juu ya kanda. Nikaipeleka Mombasa kwa Karisa, yule mwenye studio. Yeye ana ile kadi mpya. Wamemaliza kwa siku moja, Sidi. Siku moja. Na sisi hatujanunua kitu." Akaichomeka kanda kwenye mashine ya video, akaniachia kiti, akatoka nje akafunga mlango nyuma yake kwa upole, kama siku zote.

Nikaitazama peke yangu. Picha ziliteleza kama mafuta, na sauti ilikaa mdomoni mwa kila mtu. Jina la Nimwaka lilikuja kwa dhahabu likizunguka. Nikafika kwenye ile ngoma. Yule mwanamke wa blauzi ya njano akaanza kucheza, na hapo picha ikapunguzwa mwendo. Ikaenda polepole, kiuno chake, shingo yake, kiuno tena. Kisha ukaja moyo mwekundu ukamzunguka uso akicheka, akabaki ndani yake muda mrefu kuliko bibi harusi alivyokaa kwenye kanda nzima.

Aliyeuchora moyo ule hakuwa na habari na bibi harusi.

Nikazima. Nikamwita Baba Trevor.

"Ni kina nani waliotengeneza?"

"Vijana wa Karisa. Ni watatu pale, wanajua kazi."

"Wanaume?"

"Sasa Sidi, ulitaka nani?" Akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Lakini hawa hawamjui mtu hata mmoja wa Waa. Si shida yenu ni watu wa hapa? Majirani, mashemeji? Ndio maana mimi sikuangalia, mimi nakutana nao dukani. Wale maboy wa Mombasa hawamjui mtu."

Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile alikuwa akibisha hodi kwa sababu nyingine na mimi nikifunga kwa sababu nyingine.

"Walibaki na nakala?"

Akajikuna shingo. "Nakala hapana. Itakuwa imebaki kwa kompyuta yao. Wanafuta."

"Wanafuta lini?"

"Ikijaa."

Nje mtu alikuwa akiuza mahamri, akipita na kurudi.

"Usimwambie," akasema Baba Trevor. "Mpelekee tu. Kitu asichokijua hakitamuumiza. Mimi sikufanya kwa ubaya."

"Najua hukufanya kwa ubaya."

"Basi."

Nilikwenda Waa kesho yake asubuhi, bado miguu ni mizito. Zilikuwa siku za kuvunja jungu, karamu za kabla ya mfungo, kila nyumba inanukia pilau, watoto wanatumwa na sahani kwa majirani. Kwa Bi Mejumaa masanduku ya Nimwaka yalikuwa yamepangwa barazani, yamefungwa kamba. Yule mwanamke aliyekuwa amevaa blauzi ya njano alikuwa uani akichambua mchele. Aliponiona akanyanyua ungo kama kamera, akanielekezea, akacheka. Nikamwamkia nikapita.

Bi Mejumaa alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, mwanangu. Nimesikia ulikuwa mgonjwa. Umeileta?"

Nikamwomba tuingie chumbani. Nikaziweka kanda zote mbili kitandani, ile ya kamera na ile ya Mombasa, nikamwambia. Sikujua njia nzuri ya kusema, kwa hiyo nilisema kama lilivyokuwa: nimeugua, mashine yetu imeshindwa, imepelekwa Mombasa, wanaume watatu wameikata, na picha zimebaki kwenye kompyuta yao. Nikamwambia na habari ya ule moyo mwekundu. Huo ningeweza kuuacha, lakini akiitazama angeuona.

Bi Mejumaa alikaa kitandani, kitanda kikalia. Alichukua ncha ya leso yake akawa anaikunja na kuikunjua.

"Aliyechorewa ni yupi?"

"Wa blauzi ya njano. Yule anayechambua mchele."

Akafumba macho. "Mke wa mwanangu," akasema. "Mwanangu Chirau hakutaka aende ngomani. Mimi ndiye niliyemwombea ruhusa."

Uani tulisikia mchele ukirushwa ungoni.

"Kwa nini umeniambia?" akaniuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa kama mtu aliyepanda kilima akaambiwa nyumba yenyewe iko kilima cha pili. "Ungenyamaza, ningelala."

"Nilikuahidi, bibi."

"Uliniahidi jambo jingine."

"Naam."

Alizichukua kanda, akazifunga ndani ya leso, akazitia chini ya godoro. "Yule asijue," akasema. "Nimwaka naye asijue. Wala mtu yeyote. Mashine yenu imeiharibu, hayo ndiyo maneno, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe sikulaumu, mwanangu. Ulikuwa mgonjwa. Lakini wakiniuliza nani wa kumwita na kamera, sitakutaja. Siwezi. Hata nikikuonea huruma, siwezi."

Nikamwambia namwelewa. Tukatoka barazani, alipokuwa Nimwaka na masanduku yake. Bi Mejumaa akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mashine ya Ukunda imeila kanda, ndiyo mambo ya umeme hayo. Nimwaka aliniangalia mimi, si mama yake.

"Hata kipande kidogo hakikubaki?"

"Hata kidogo," nikasema.

"Hata pale nilipocheka?"

Nikatikisa kichwa. Wakaniletea chai na kaimati. Nilikunywa yote, kwa sababu kuibakisha kungekuwa vibaya zaidi.

Wiki ile mwezi ukaonekana, mfungo ukaanza, na Ukunda ikanyamaza mchana. Ijumaa Baba Trevor alikwenda posta. Hakurudi kuitupa kofia kitini. Hakurudi kabisa mpaka alasiri, ametoka Mombasa, amebeba boksi chini ya kwapa. Bei ilikuwa imeshuka kama alivyosema. Ilishuka sana, zaidi ya alivyotumaini, maana Salimu alikuwa ameletewa nyingine mpya na hakukuwa na mtu dukani. Alifungua kompyuta kwa bisibisi, akaichomeka kadi, akapuliza vumbi, akarudisha kifuniko. Akaweka kanda ya mpira aliyokuwa nayo. Wachezaji walikimbia bila kuruka, na mpira ulionekana ukizunguka.

"Umeona?" akaniambia. "Nilijua. Tungeinunua Shaabani tungelia. Sasa ngoja Idi ipite, harusi zirudi, tutafanya kazi mpaka tuchoke."

"Baba Trevor, mimi sitaitwa tena."

"Kwa nini? Sasa kadi ipo."

Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameishika bisibisi. Aliuliza kama Bi Mejumaa amewaambia watu. Nikamwambia hapana, hajamwambia mtu, hatanitaja tu. Huku wanawake huulizana kabla ya kumwingiza mtu na kamera, na anayenyamaziwa haitwi. Nilimwona akiipiga hesabu hiyo kichwani, polepole, mpaka mwisho wake. Hakuwa mjinga.

Eddah akaingia kutoka kazini, akaketi kwenye benchi akanyoosha miguu, akaitazama skrini. "Hee, leo wanakimbia kama watu."

"Mama Trevor," akasema mumewe, "wewe unaweza kukaa kimya saa mbili?"

"Kwa kipi?"

"Harusi. Ushike kamera ya wanawake."

Eddah akanitazama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nadhani alisoma kitu kwangu hapohapo, kwa sababu hakutania.

"Walikuwa wakimwita Sidi kwa sababu ya Sidi," akasema. "Mimi mke wa mwenye studio, waniite kwa lipi?" Akainuka kwa kujisukuma magoti, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Baba Trevor akabaki kitini, analigeuzageuza lile boksi tupu, anasoma maandishi ya ubavuni. Mpira wa kanda ulikwisha. Mimi nikaizima mashine, maana naye hakuwa akiitazama.